Nyimbo Zilizofukiwa Ngoroni

Mwalimu Tumsifu aliifungua kompyuta yake juu ya meza ya katekista, akaunganisha spika, na wanakwaya wa kigango wakaacha soga. Mbele ya meza yalipangwa makopo matupu ya maziwa, na kila mwanakwaya alishika punje za kahawa mkononi. Kazi yenyewe walishaizoea. Walikuwa wamemwimbia mwalimu nyimbo zao za harusi, za mavuno na za msiba, naye akaziingiza kwenye programu aliyoitengeneza mwenyewe. Programu ilichukua nyimbo mbili ikaziozesha, nazo zikazaa. Watoto wakatoka na sauti ya mama na mapigo ya baba, na mmoja mmoja akaja na noti iliyopinda isiyo ya mzazi yeyote. Kwaya ilisikiliza, kila mtu akatia punje kwenye kopo la mtoto aliyempenda. Wenye punje chache walifutwa, waliobaki wakaozeshwa tena. Wimbo wa mwisho ndio ungeimbwa siku mgeni rasmi atakapokuja kuzindua zahanati ya kijiji.

Zahanati hiyo ilikuwa imeshazinduliwa mara mbili. Ilipakwa rangi, ikakatiwa utepe, ikafungwa kufuli kwa kuwa muuguzi hajaletwa, na popo wakahamia darini. Zita, mtoto wa kwanza wa mwanakwaya Agripina, alipitishwa mbele ya mlango wa zahanati hiyo na bodaboda, akiwa na uchungu wa kuzaa, akikimbizwa hospitali ya Mbinga. Aliomba ashushwe hapo. Wakamshusha, wakagonga. Alifia barazani, na mtoto tumboni.

Kwenye matanga Agripina alimtungia binti yake wimbo, akautaja ule mlango na lile kufuli. Huo ndio aliompa mwalimu. Alitaka jambo moja tu duniani: uimbwe pale barazani, mgeni rasmi akiwa ameketi mahali pa kuusikia.

Kila mtu aliupenda. Lakini Cuthbert, mwenyekiti wa kijiji, alikuja mazoezini akaweka kiti chake karibu na makopo, na kila mkono uliposogelea kopo la wimbo ule, alikohoa. Mikono ikahamia kwingine. Wimbo ukapata punje ya Agripina peke yake, ukafutwa.

“Usinikasirikie, Mama Zita,” alisema Cuthbert. “Siku ya sherehe hatutaji majina ya marehemu.”

Alimwita Mama Zita kila siku, kama kijiji kizima kilivyomwita, wala hakuona tabu.

Agripina alimgeukia mwalimu. “Hizi zinazofutwa zinakwenda wapi, mwanangu?”

“Haziendi popote, mama. Zinapotea tu.”

“Sisi hata nyasi tukizifyeka hatuzitupi. Nipe mimi.”

Mwalimu aliletwa huku na ajira kutoka Kilimanjaro, na mengi ya huku alikuwa bado anajifunza. Alizikusanya zote kwenye flashi, akaifunga kwa nailoni, akampa kwa mikono miwili.

Ulikuwa mwezi wa Machi, na vilima vyote vya upande wa Maguu vilikuwa vinalimwa ngoro, kilimo cha mashimo. Agripina alifyeka nyasi za mteremko wake, akaziacha zikauke, akazipanga miraba miraba, na chini ya nyasi akaifukia flashi. Akachimba udongo wa katikati ya kila mraba, akazifunika nao zile nyasi, mpaka mteremko ukawa mashimo na matuta. Juu ya matuta akapanda maharage. Nyasi zikioza chini ndipo maharage hushiba.

Yalipotoa maua, yalianza kuimba. Bonifasia, jirani yake, alisimama mpakani na jembe begani.

“Mama Zita, yako yanaimba. Yangu yanajua kuliwa na wadudu tu.”

“Yamechanganyika,” alijibu Agripina. “Ngoja yakomae.”

Palikuwa na maua ya harusi, maua ya mavuno, na mengine yasiyoeleweka. Nyuki waliyaendea yote wakayaozesha, na nyuki hawakujali kikohozi cha Cuthbert. Yaliyo dhaifu yalinyauka. Maganda yalipokauka, mteremko mzima ulibaki na wimbo mmoja, wa Zita, ila sasa ulikuwa na kiitikio ambacho mama yake hakukitunga.

Siku ya sherehe kwaya iliimba wimbo ulioshinda. Ulikuwa laini, hauna kosa, ungefaa hata kutangazia sabuni. Kisha watu wakala wali, mbuzi, usipa wa kutoka ziwani, na maharage ya Agripina. Mgeni rasmi aliongeza maharage.

Sauti ilianzia kwenye tumbo lake, chini ya tai, mdomo umefumbwa. Tumbo la Cuthbert likapokea, la mwalimu likafuata, na turubai zima likaimba kwa sauti nne: *Zita aligonga, kufuli likamjibu. Anayefuata ni nani?* Agripina alikaa wima, mikono mapajani, machozi yakimtiririka. Alichokiomba alikuwa amekipata.

Mgeni rasmi hakuwa mtu mkali. Alisubiri tumbo lake limalize beti zote, akafuta midomo, akaisifu kwaya kwa ubunifu, akaagiza vijiji vingine viige. Akakata utepe. Wageni wakapiga picha na kitanda. Magari yakaondoka yakiimba, na Cuthbert, tumbo lake likiwa bado kwenye kiitikio, akarudishia kufuli.

Tangu hapo kijiji huimba kila baada ya kula, na watu wamezoea kungoja uishe ndipo waoshe vyombo.

Machi iliyofuata Agripina alikuwa akipanga nyasi aliposikia bodaboda ikipanda. Hilda, binti wa Bonifasia, alikuwa amebanwa kati ya dereva na mama yake, meno ameyauma kwa uchungu.

“Mama Zita, tuazime kitenge!” aliita Bonifasia.

Agripina akafungua cha kiunoni mwake akampa. Hilda alikuwa amekula maharage mchana ule. Tumbo lake liliimba kwa sauti mbili, na ya pili ilikuwa ndogo sana.

Mbele ya zahanati bodaboda ilipunguza mwendo. Dereva alilitazama kufuli, akakanyaga gia, wakashika njia ya Mbinga. Agripina alisikiliza mpaka sauti zote mbili zikapotelea kwenye kona. Kisha akarudi kupanga nyasi zake, na mraba mmoja akauacha wazi, endapo patakuwa na wimbo mwingine wa kufukia.