Jina la Beki wa Kushoto

Mama muuza chakula, Bu Wartinah, hakuwa na mpango wa kugombana na mtu siku ile. Alikuwa ameketi mahali pake pa miaka yote, nje ya lango la uwanja wa Kalisuren, akimfungia Galih, katibu wa kamati ya uwanja, pecel, mboga za kuchemsha zenye mchuzi wa karanga, kwenye jani la mgomba, pale Galih alipomwonyesha kwa furaha karatasi ya kamati. Kesho asubuhi fundi wa mawe angeanza kuchonga ukutani majina kumi na moja ya wachezaji wa Perskal waliochukua kombe mwaka wa sabini na tano. Wote wazaliwa wa hapa hapa, hata mmoja hakuletwa kutoka mji mwingine.

Bu Wartinah akasoma mpaka jina la tatu, akaweka kijiko cha mchuzi chini.

"Wibisono ndiye nani?"

"Si mumeo, Bu? Beki wa kushoto."

"Mume wangu ni Ponimin. Wibisono ni jina lililomvunja mguu mara mbili."

Kisa chenyewe wazee wa Kalisuren walikijua wote, ila wazee hao wengi walikuwa wameshazikwa. Baba mkwe wake, mkata miwa asiye na kitu, alimpa mwanawe jina la kifalme, na mtoto akalibeba kwa taabu: leo homa, kesho kateguka. Alipovunjika mguu kwa mara ya pili, tena wiki chache baada ya kusajiliwa Perskal, mama yake akasema jina limemzidi uzito. Akapika uji mwekundu na mweupe, kama ilivyo desturi, akaita majirani, wakambadilisha jina. Akawa Ponimin, jina la mtu aliyezaliwa siku ya Pon, mojawapo ya siku tano za soko, jina jepesi hata kuku angelibeba. Tangu hapo hakukosa mechi. Lakini kadi ya chama cha mpira ilibaki na jina la zamani, maana mtu hubadilishwa jina kwa sufuria moja ya uji, kadi inataka mihuri sita.

"Nimemzika kwa jina la Ponimin," alisema Bu Wartinah. "Leo mnataka kumtwisha tena lile lile, na safari hii la mawe?"

Galih akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa katibu tu. Mwaka jana, kwenye orodha nyingine, aliandika jina kwa neno la mjane mmoja, ukoo mwingine ukamjia juu, na tangu hapo kamati haikubali ila vitu viwili: karatasi, au mchezaji aliyekuwa uwanjani.

"Aliyebaki ni babu yetu, Mbah Karsidi, peke yake," alisema.

"Karsidi! Juzi alinisimamisha akaniuliza njia ya kwenda kwake. Naye amesimama mbele ya mlango wake."

Hata hivyo alifunga vyombo vyake, akaenda kumleta.

Mzee Karsidi alikuwa golikipa, na mikono yake ilikuwa bado mipana kama sinia. Katika ofisi ya uwanja aliketi wima, shati limefungwa mpaka shingoni, kama mtu aliyeitwa mahakamani. Galih akamwekea picha ya timu mbele yake, kisha akamgeukia Bu Wartinah.

"Bu, tafadhali usimtajie. Ukimtajia, si ushahidi tena."



"Mbah, huyu wa kushoto kabisa ni nani?"

Mzee akatabasamu papo hapo. "Huyu! Huyu nilimpakia baiskeli yangu kila siku ya mazoezi. Mvivu wa kukanyaga pedali, lakini uwanjani hachoki. Hali vitunguu huyu. Mkewe..." Akanyanyua macho. "Mkewe si wewe?"

"Ni mimi, Kang," alimjibu, kama mtu anavyomwita kaka yake.

"Basi yeye ni..." Mdomo ukabaki wazi. Kidole kikapapasa ile sura pichani. "Ni Paimo? Hapana. Subiri. Nipeni dakika moja jamani, ninalo hapa hapa."

Wakampa dakika, wakampa na nyingine. Jasho likamtoka. Bu Wartinah aliona aibu ikimpanda yule mzee usoni, na moyo ukamuuma kwa ajili yake, na hapo hapo akatamani kumtikisa mabega mpaka lile jina lidondoke. Mzee Karsidi akainuka ghafla, akatoka. Hakushika njia ya lango. Alishika ile njia wachezaji waliyokuwa wakiipita zamani, ya kutokea uwanjani.

Galih na Bu Wartinah wakamfuata. Uwanjani watumishi wa serikali walikuwa na mechi yao ya Ijumaa alasiri, vitambi mbele, pumzi nyuma. Ilikuwa kona. Golikipa wao, kijana wa idara ya maji, alisimama golini kimya, mikono kiunoni. Mzee Karsidi akafika nyuma ya wavu, akamtazama, akashindwa kuvumilia.

"We golikipa, huna mdomo? Unawaachia wapange wenyewe?"

"Mbah, sogea, utapigwa na mpira!"

Lakini mzee alikuwa ameshashika nguzo ya goli. Magoti yakakunjika kidogo, shingo ikanyooka, na sauti ikatoka, sauti ambayo Bu Wartinah hakuwa ameisikia kwa miaka arobaini.

"Darmaji, nguzo ya mbali! Sukirno, mshike huyo mrefu, mshike! Min! Ponimin! Unazubaa nini hapo? Toka nje, toka!"

Karani mmoja mnene, aliyekuwa upande wa kushoto, akatoka mbio bila kujua kwa nini.

Mpira ukapita juu. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Galih hakucheka. Aliweka karatasi gotini, akakata jina moja kwa kalamu, akaandika jingine juu yake. Bu Wartinah aliona herufi zote saba, akashukuru Mungu kwa sauti.

Mzee Karsidi bado alikuwa ameshika nguzo, anatazama kushoto.

"Wartinah," aliita. "Huyu siye. Ponimin yuko wapi?"

Angeweza kumdanganya. Angesema yuko nyumbani, amepumzika, na mzee angekwenda zake ametulia. Lakini alikuwa ameshinda siku nzima akipigania ukweli wa yule mtu.

"Amefariki, Kang. Mwaka wa sita huu. Wewe ndiye uliyeshuka kaburini ukampokea."

Mzee akaitazama mikono yake. Kisha akalia, kilio cha mtu aliyepata habari sasa hivi. Bu Wartinah akamshika mkono, akalia naye, maana hakuwa amempata mtu wa kulia naye tangu arobaini ya marehemu. Wale watumishi wakasimamisha mpira wao bila kuambiwa.

Alipotulia, mzee alijifuta kwa mkono wa shati, akamgeukia Galih.

"Jina lake mtaliandika wapi?"

"Ukutani, Mbah, juu pale. Watu waone kutoka barabarani."

"Lishusheni," alisema Karsidi. "Liwe usawa wa macho yangu. Nitasahau tena, nami sitaki Wartinah awe ananiambia kila mara. Nitakuja mwenyewe, nisome."