Diwani na Mkate wa Alfajiri

Saa kumi alfajiri Diwani alianza hotuba yake, na mume wangu akavuta shuka akajifunika kichwa.

"Mbwa wa baba yako huyo," nikamwambia.

"Mh."

"Toka ukamnyamazishe."

"Atanyamaza mwenyewe, Mama Mapacha. Lala."

Na kweli alinyamaza. Nikajilaza, usingizi ukaanza kunijia, akaanza upya. Ndivyo ilivyokuwa tangu baba mkwe ahamie kwetu. Mbwa anabweka, ananyamaza, anabweka tena, mpaka kunapambazuka na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda macho yamevimba kama niliyepigwa ngumi.

Jina la Diwani alipewa na mapacha wangu, kwa sababu hakuna linalopita nje ya geti asilolitolea maoni. Ni mbwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limesimama, jingine limelala. Baba mkwe alikuja naye. Mama mkwe alipofariki tulikwenda kumwona mzee tukamkuta anaishi kwa chai tupu, miguu imevimba, hata dukani hafiki. Tukamwambia aje akae nasi. Akakubali kwa sharti moja.

"Mbwa ananifuata. Siku atakayokosa pa kulala yeye, na mimi sina pa kulala."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama mzee usoni nikajua hatanii.

Nyumba yetu ni ya kupanga. Mwenye nyumba anaishi upande wa pili wa ukuta huohuo, na binti yake alikuwa amejifungua majuzi tu. Mwanzoni alivumilia. Kisha akaanza kugonga ukuta kwa mpini wa ufagio. Jumamosi moja akanikuta naanika nguo, akaja akasimama katikati ya kamba kama shuka jingine.

"Mwanangu, niliwapangisha wanne, siyo watano na mbwa. Mtoto halali, mama yake halali, mimi presha inapanda. Mwisho wa mwezi nataka kimya au nataka funguo."

"Mama, nitalishughulikia."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita."

"Nilikuwa nalishughulikia."

"Basi lishughulikie kwa sauti ndogo."

Kuhama hatuwezi, shule ya watoto ipo hapahapa na kiwanda ninachofanyia kazi ya stoo kipo jirani. Kumtoa mbwa ni kumtoa mzee, na mzee akirudi kule peke yake na miguu ile, hamalizi mwaka. Mume wangu nilipomweleza alisema tumwachie Mungu. Nikamwambia Mungu kampa yeye mikono miwili.

Nimesomea ugavi. Kitu kikipotea stoo sikai nikalia, natafuta kinapotokea. Kwa hiyo nilianza. Nilihamisha kibanda cha mbwa nikakipeleka nyuma ya nyumba, mbali na geti, asiwaone wapita njia. Akabweka nyuma ya nyumba. Nikafunika kibanda kwa turubai, labda ni mwanga. Akabweka ndani ya turubai, sauti ikawa kama inatoka kwenye pipa. Nikawaambia mapacha wamkimbize jioni mpaka achoke. Walichoka wao. Mume wangu naye akajitolea kwa njia yake, akawa anarusha ndala dirishani. Asubuhi ndala zote zilikuwa zimepangwa kibandani kama duka.

Kazini nikaanza kuharibu. Fundi aliomba rangi ya mafuta, nikamtolea ya maji, na saini yangu chini. Msimamizi akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Nikamwambia nyumbani kuna Diwani. Hakuelewa, na mimi sikuwa na nguvu ya kufafanua.

Juu ya hayo, mkate ukawa hauonekani. Nanunua jioni, asubuhi umebaki nusu. Nikawabana mapacha.

"Nani anakula mkate usiku?"

"Siyo mimi," akasema Kulwa.

"Siyo sisi," akasema Doto, ambaye siku zote hupenda kujitetea kwa wingi.

Nikawanyima sukari kwenye chai wote wawili, tukaenda hivyohivyo.

Alfajiri moja nikaamka kabla ya mbwa. Nilitaka kumwona anaanzaje. Nikasimama jikoni gizani, nimeegemea sinki, natazama uani kupitia dirisha. Diwani akabweka mara ya kwanza, wala hakukuwa na mtu wala paka nje. Alikuwa amekaa kitako, amekodolea macho mlango wetu wa jikoni. Akabweka tena, akatulia, akasikiliza. Ndipo mlango wa chumba cha mzee ukafunguka. Baba mkwe akatoka amevaa koti lake juu ya shuka, akapita bila kuniona, akavuta komeo, akatoa kipande cha mkate mfukoni, akarusha. Mbwa akakidaka hewani. Kimya.

Mzee akageuka, akanikuta nimesimama.

"Mwanangu, umenishtua! Rudi ukalale, nimeshamnyamazisha."

Alisema hivyo amejawa na fahari. Kabla sijajibu, Diwani akamaliza kumeza, akabweka. Mzee akaingiza mkono mfukoni.

Nilitamani kupiga kelele kuliko mbwa. Lakini huyu ni baba mkwe. Mkwe humfokei.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Huwa unampa kila siku?"

"Kila akibweka. Sitaki mlale vibaya kwa ajili yangu." Akakaa kwenye kigoda cha jikoni. Mzee wangu alikuwa mwoka mikate maisha yake yote, saa kumi alfajiri ndiyo asubuhi yake. "Kule bekari palikuwa na mbwa uani. Akianza kelele, unamtupia mkate ulioungua, unaendelea kukanda. Huwezi kukanda huku mbwa anakupigia kelele."

"Na kesho yake alikuwa anabweka?"

"Kila siku! Mbwa yule alikuwa na mdomo!"

Nikasubiri asikie mwenyewe alichosema. Hakusikia. Ikabidi niseme.

"Baba, habweki kwa sababu ana shida. Anabweka kwa sababu unamlipa. Anakuita kama mteja anayegonga dirisha la duka."

Mzee akavitoa vipande vyote mfukoni, akaviweka mezani kimoja kimoja, akaingia chumbani kwake. Asubuhi tukamkuta amekunja nguo zake kwenye begi.

"Kumbe mimi ndiye ninayewahamisha," akamwambia mwanawe. "Nipeleke kwangu."

Mume wangu akanitazama kama mimi ndiye niliyebweka.

"Baba hatoki," nikasema. "Baba amemfundisha, Baba atamfundisha upya. Akibweka, hapewi. Akinyamaza, anapewa. Basi. Ni kungoja tu."

"Kungoja?" Mzee aliinua uso. Hasira ilimrudisha hai kidogo. "Nani atamfundisha nani kungoja? Nimengoja unga uumuke maisha yangu yote, nitashindwa kumngoja mbwa?"

Nikaenda kwa mwenye nyumba nikamweleza ukweli wote, na kwamba kelele zitazidi kwanza ndipo zipungue, kwa sababu mbwa atajaribu kuita kwa nguvu zaidi.

"Yaani unaniomba ruhusa ya kelele nyingi zaidi?"

"Kwa siku chache, Mama."

"Una ujasiri, wewe. Mwisho wa mwezi ni uleule."

Zilizidi kweli. Diwani alibweka, akalia, akakwaruza mlango, akaimba. Mzee alikaa kwenye kigoda, mkate mkononi, hainuki. Mume wangu alihamia sebuleni na mto. Ufagio uligonga ukuta mpaka chokaa ikaanguka kwenye sufuria yangu. Kila siku nilijiambia hii ndiyo ya mwisho, leo namfungulia geti aende zake.

Alfajiri ya mwisho wa mwezi mwenye nyumba hakugonga ukuta. Alikuja mwenyewe. Tulimsikia anafungua geti, akazunguka mpaka uani, kilemba kimekaa upande, mjukuu analia begani kwake. Diwani alipomwona akapandisha sauti.

"Nimekuja kuchukua funguo," akasema.

Nilichanganyikiwa. Nikanyakua mkate mezani, nikakimbilia mlangoni nimtupie mbwa, anyamaze tu, anyamaze sasa hivi. Mzee akanishika mkono. Sikujua kwamba bado ana nguvu zile, za mtu aliyekanda magunia ya unga.

"Acha."

"Baba, mwenye nyumba yuko hapa!"

"Namwona. Acha."

Akatoka nje akiburuza miguu, akasimama mbele ya Diwani, mkono mmoja nyuma. Mbwa akabweka. Mzee akatazama pembeni kama mtu asiyemjua. Mbwa akabweka tena. Mzee akatazama mawingu. Mbwa akafungua mdomo, akaufunga, akakaa kitako, akainamisha kichwa upande wa sikio lililolala.

"Mpe!" nikanong'ona. "Mpe basi!"

"Bado."

Mwenye nyumba akavuta pumzi aseme neno. Mzee akamwinulia kidole, bila hata kumtazama. "Bado, mama."

Mwenye nyumba akafunga mdomo. Hata mtoto alikuwa ameacha kulia. Tulisimama hivyo wote uani, watu wazima, tunamngoja mbwa. Ndipo mzee akaleta mkono mbele, taratibu, akampa mkate. Diwani akala. Akalala chini.

Mwenye nyumba akamtazama mbwa, akamtazama mzee, akamtazama mjukuu aliyekuwa amesinzia begani.

"Mkate tu?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mkate tu."

"Na mimi nimevunja ufagio." Akageuka kuelekea getini, akasimama. "Kesho nasikiliza. Akinyamaza, nalala. Asiponyamaza, nakuja na watu wa kubeba makabati."

Alipoondoka nikageuka haraka nikawahi kuwachemshia watoto chai. Mguu ukapiga ndoo ya mlangoni, ndoo ikabingirika sakafuni, na Diwani akaruka juu: "Hau!"

Mzee akanigeukia, uso umekunjamana.

"Mama Mapacha, kesho usiamke. Unaniharibia kazi."