Wasifu wa Victor

Mama Victor alikuja kwangu na daftari la shule mkononi. Alisema jumuiya imekubaliana kwamba wasifu wa marehemu mwanawe, askari, niuandike mimi, niusome mimi, kabla jeneza halijatoka uani. Eti mtaa mzima wa Ruhuwiko hakuna anayejua mambo ya vifaa vya kivita kunishinda. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mimi Thadei ni mkaguzi mstaafu wa vifaa hivyo, na majirani wameniheshimu mpaka nimevimba kichwa. Miaka minne iliyopita jeshi lilinituma ng'ambo kukagua fulana za kuzuia risasi. Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua kumi, zipigwe risasi nikiona kwa macho yangu. Wakala wa kiwanda akanipeleka kula, kisha madukani, kisha akasema ada ya chuo ya binti yangu Careen nimwachie yeye. Nikasaini cheti kwamba fulana zimepigwa, zimehimili. Haikupigwa hata moja. Niliporudi Songea nikachinja mbuzi, nikaomba misa ya shukrani. Shukrani! Mshenzi mkubwa mimi.

Wachunguzi wa rushwa wamenipigia simu mara mbili. Mara zote nimewaambia uzee umenisahaulisha.

"Ripoti ya kifo chake inasema fulana aliyovaa ilikuwa nzima, ina cheti," Mama Victor alisema. "Kwa hiyo wanasema mwanangu aliilegeza kwa sababu ya joto. Wanasema uzembe. Baba Careen, wewe unayajua hayo mambo. Victor alikuwa mzembe?"

"Hapana, mama."

"Basi uandike hivyo."

Akaniachia daftari. Hakujua cheti kile ni cha nani, na mimi sikumwambia. Nilimsindikiza mpaka njiani kama mtu mwema.

Siku ya maziko ua ulijaa, wengine wakasimama nje ya uzio wa matete. Nikaanza kusoma: kuzaliwa, ubatizo, shule, kipaimara, jeshi, safari ya kulinda amani. Nilipofika kwenye chanzo cha kifo nikaacha kusoma. Nilikuwa nimeandika sentensi moja tu ya kawaida, kwamba alipigwa risasi akiwa kazini. Ningeisoma hiyo, nikae, watu waimbe. Mama Victor alikuwa ananitazama kwa imani yote, na aibu ikanipanda mpaka masikio yakawaka moto.

Nikalifunga daftari.

"Victor alivaa fulana yake sawasawa," nikasema. "Fulana ilikuwa mbovu. Haikupimwa. Aliyehongwa akasaini kwamba ni nzima ni mimi."

Careen, aliyesimama na wanakwaya, alijifunika uso kwa kitenge. Katekista akanyoosha mkono kuninyang'anya kipaza sauti.

Mama Victor akainuka kwenye mkeka.

"Mwacheni," alisema. "Baba Careen, rudia. Walioko nje ya uzio hawakusikia."

Nikarudia.