Chupa ya Bi Asmahani

Mwaka wa hamsini na nne, Bi Asmahani wa Tongoni, mwenye miaka hamsini na tisa na wajukuu kumi na mmoja, alibanwa na toroli la mkonge kwenye nguzo, shambani huko Pongwe. Nyonga zake zilivyolia, kunguru walihama wilaya. Alipofikishwa hospitali mjini Tanga, mkojo hautoki. Tone la damu, basi. Tumbo linajaa.

Daktari Mzungu akampima, akamwambia msaidizi wake, dresa Laurenti, kwa Kiingereza: kibofu kimepasuka, mkojo unamwagikia tumboni, asiposhonwa leo atakufa. Ila mumewe atie dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa kwanza.

Mlangoni alikuwepo huyo mume, Idarusi, na kaka yake mkubwa, Mzee Jumbe, katika kanzu iliyopigwa pasi hata ingeweza kusimama peke yake. Laurenti alikuwa mtu wa makamo mwenye adabu za kupindukia. Ataje mkojo wa mke wa mtu mbele ya shemejiye? Akatafuta neno la stara.

"Shikamooni, wazee. Mama... chupa yake ya maji imepasuka."

Na pwani nzima yajua, chupa ya mwanamke ikipasuka, kinachofuata ni mtoto.

Mzee Jumbe akamgeukia mdogo wake polepole. "Wewe Idarusi. Na kiuno hicho kibovu?"

Idarusi alitaka kukana. Kisha akafikiri, akatuna kifua. "Nguvu za Mungu, kaka."

"Daktari anataka kumpasua," Laurenti akasema.

"Hapasuliwi mtu," Mzee Jumbe akakata. "Kazaa tisa bila kisu. Aitwe mkunga."

"Akiwa wa kiume ataitwa jina la baba," Idarusi akadakia.

"La baba nilishampa wangu. Wewe tafuta jingine."

Nyuma ya pazia, Asmahani aliyasikia yote. Miaka arubaini hajapata kumtajia Jumbe hata choo, akibanwa husema, "natoka kidogo." Sasa aliona atazikwa kwa heshima zote, na mtoto bado anatafutiwa jina.

"Shemeji Jumbe."

"Naam, shemeji. Hongera."

"Ni kibofu. Kibofu cha mkojo. Kimepasuka, mkojo umejaa tumboni, nami nakufa. Huyo mtoto mzaeni nyinyi."

Mzee Jumbe akashika ukuta. Idarusi akauliza dole linawekwa wapi.

Daktari akafungua chini ya kitovu, akakausha mkojo na damu (bakuli mbili, ingawa Tongoni wanasema ndoo tatu), akashona kibofu tabaka mbili, akaacha mpira mmoja wa kutolea mkojo ukitokea tumboni na mwingine chini. Nyonga akazining'iniza kwa turubai mpaka zishikane.

Wiki ya tatu mipira yote ilikuwa imetolewa. Kukicha, Asmahani akawekewa beseni. Wodini hata wenye kikohozi walikizuia. Dakika zikapita. Asmahani akafumba macho, akajikaza, akaacha kujikaza.

Kisha mkojo ukasikika, mwembamba, ukigonga bati, halafu ukakolea.

Yudith wa kitanda cha pili akapiga kigelegele.