Folda Iliyofifia

Mwalimu Venance aliitupa flashi yake mezani kwangu kama aliyeokota nyoka.

"Mama Lusubilo, wifi yako ameingia kwenye mitihani yangu ya kidato cha pili."

Nilicheka. Mimi nacheka hata msibani, ndivyo nilivyoumbwa. Kisha nikaichomeka ile flashi kwenye kompyuta, na kicheko kikanikauka. Katikati ya maswali ya hisabati palikuwa na folda ya njano iliyoandikwa ENESI. Nikaibonyeza. Haikuwa na kitu.

Enesi, dada wa mume wangu, tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla.

Ilikuwa 2011. Nilikuwa na steshenari Tunduma, nyuma ya soko: kompyuta moja na printa inayotafuna karatasi. Kufikia Ijumaa folda ile ilikuwa imeshamfikia katibu wa kwaya na mawakala wawili wa forodha. Hata dereva mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alirudi kuniuliza, kwa upole kabisa na heshima ya kwao, "Bamayo, Enesi ni nani?" Kila aliyechomeka flashi kwangu aliondoka na jina lake.

Sasa, katika ukoo wa mume wangu, jina la marehemu halitamkwi ovyo mpaka apatikane wa kulirithi. Ndugu walikuwa bado wanabishana nani apewe, na huku mimi, mke wa kuoa tu, naligawa mji mzima. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Enesi anatafuta pa kukaa. Nami niseme ukweli, nilianza kuogopa kuwasha mashine. Asubuhi nilikuwa naiwasha, halafu natoka nje nikisubiri iamke peke yake.

Folda halisi niliitengeneza mwenyewe siku ya msiba. Niliweka picha zake, na sauti yake ya dakika mbili aliyoirekodi kwa simu hospitalini, akimsemesha mama yake aliyekuwa kijijini Chitete. Simu yenyewe iliibiwa msibani. Watu wengine hawana haya hata chembe. Mama mkwe wangu, Ruti, alikuwa hajaisikiliza sauti ile. Aliniambia, "Ikae kwako kwanza. Moyo ukitulia nitakuja kumsikia." Kwa hiyo sauti ya Enesi ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kile kikompyuta changu.

Nikampigia Jofrey, fundi wa Vwawa. Mafundi wetu wana wimbo mmoja: futa vyote, piga windozi upya. Nikamfokea mpaka akaanza kufikiri.

"Haya, dada, sikiliza," akasema. "Hiyo ni trojani. Imeificha folda yako, ikavaa jina lake na sura yake. Ukiibonyeza hapo kwako inakufungulia ile halisi ili usishtuke, huku inajinakili kwenye kila flashi. Iambie mashine ionyeshe vilivyofichwa, utaona Enesi wawili. Anayeng'aa ndiye trojani, mashine itamwandika kuwa programu, si folda, mfute. Aliyefifia ndiye wako. Huyo usimguse."

Nilikuwa bado na simu sikioni Ruti alipoingia. Habari zilikuwa zimemkuta pale Mpemba, akiwa njiani kuja mjini. Nikachuchumaa kumwamkia, akaitikia bila kuniangalia.

"Nionyeshe," akasema.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilianza na ile inayong'aa. Nikaibonyeza, picha zikafunguka: Enesi na sare ya kwaya, Enesi anacheka na jembe begani. Mama akagusa kioo kwa ncha ya kidole, akaita jina lake taratibu. Ndipo nikafuata maelekezo ya Jofrey. Pembeni ya ENESI akatokea ENESI wa pili, amepauka, unamwona na humwoni. Ulikuwa mchana, jua kali, muuza nyanya anapiga kelele mlangoni, lakini nywele zilinisimama.

Ruti akarudi nyuma.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye anayezurura. Mfute."

"Mama, huyu ndiye..."

"Mama Lusubilo, unanijibu?"

Miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa sijawahi kumjibu. Kwao mke habishani na mama wa mume; anaitikia, kisha anamtafuta shangazi amsemee. Siku ile shangazi hakuwepo. Alikuwepo mama, kiganja amekikinga kwenye kioo, anamlinda Enesi wake mzuri dhidi ya mwenzake. Nikajaribu tena, kwa sauti ya chini.

"Fundi amesema..."

"Fundi alimzaa?"

Nikamfuta aliyefifia. Nilijipa moyo kwamba atakwenda kwenye lile kapu la takataka la kompyuta, na akiondoka tu nitamtoa. Thubutu! Mama yule alikuwa ameshakaa dukani kwangu siku nyingi, akiniona nikiokoa barua za wateja kutoka humo.

"Na kapuni," akasema. "Nimeona vitu vinatoka humo."

Nikalimwaga kapu. Mkono wangu huu huu.

Akashusha pumzi, akaniwekea kiganja kichwani, akanibariki. Nilimchukia saa ile, jamani, nisidanganye, na nilijichukia mimi zaidi. Alipotoka nikaibonyeza ile inayong'aa. Haikufungua kitu.

Jofrey akaja na programu zake za kufukua vilivyofutwa. Kwa siku mbili akapata picha tatu, zote zimekatika katikati. Sauti, hapana. Trojani yenyewe aliiondoa kwa dakika kumi, akazisafisha na flashi za watu, na mji ukatulia. Ndugu nao wakakubaliana. Jina akapewa Ferista, binti mdogo wa shemeji yangu, tukanywa pombe ya ulezi Chitete, na mama akacheza. Nikasema nitamwambia baada ya sherehe. Kisha nikasema baada ya mavuno.

Siku moja ya mwezi wa saba akaja dukani bila taarifa, amevaa kitenge kipya na amenenepa kidogo. Akasalimia wateja wote. Akavuta kiti hadi karibu na kompyuta, akakisogeza kilemba kuliachia wazi sikio linalosikia vizuri.

"Mwanangu, moyo umetulia," akasema. "Niwekee sauti yake."

Akafumba macho, akangoja.