Konzi ya Kwanza

"Mama Diana, mbona kibarua wako amechukua masikio ya mama yako?"

Marcelina, jirani wa ukuta kwa ukuta hapo mtaani Kasingirima, aliuliza hivyo siku moja akianika dagaa, akacheka mwenyewe. Verediana naye akacheka, akajibu kwamba masikio ni ya Mungu, huyagawa apendavyo. Kibarua huyo alikuwa Bucumi, mdogo wake wa tumbo moja.

Kwao ni Burundi. Verediana na mama yake walivuka mpaka zamani, naye akaolewa na Telesphory, Muha wa Mwandiga. Kiha na Kirundi ni ndugu, hivyo watu wakawahesabu Waha, nao wakanyamaza. Bucumi alivuka baadaye, wakati wa vita, Telesphory ameshakufa na hakuna wa kumtetea mjane. Mwaka askari walipopita kukusanya wakimbizi, waliuliza yule mwenye jembe ni nani. Kibarua tu, Verediana akasema. Bucumi akapandishwa lori kwenda kambini, jembe likabaki kwenye mihogo.

Sasa mama alikuwa anakata roho, na Bucumi alikuja na kibali cha siku tatu. Kila mama alipoita "Bucumi, mwana wanje," yaani mwanangu, Verediana alifunga dirisha majirani wasisikie. Mwishowe halikufunguliwa tena. Chumba kikawa kama chungu kilichofunikwa, wao watatu ndani, wakipumua kwa zamu.

"Konzi ya kwanza ya udongo atupe mwanangu," mama alisema. Kwao mzazi hafukiwi kabla mtoto wake wa kiume hajatangulia kutupa udongo.

Bucumi alimtazama dada yake.

"Nikisema wewe ni ndugu yangu, tunapandishwa lori sote, na Diana wangu," Verediana akanong'ona.

"Na usiposema?"

Verediana akashika rozari. Adhuhuri mama akafariki.

Kaburi alilichimba Bucumi pamoja na wanaume wa mtaa, na hakuna aliyeshangaa, kwani kuchimba ni kazi ya kibarua. Baada ya sala, katekista Anatoli akauliza kama marehemu ana mtoto wa kiume. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amesimama pale pale, daftari kwapani. Verediana alilitazama daftari hilo.

"Hakujaliwa wa kiume," akasema.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kumkana, na hakuhitaji jogoo kumwambia. Konzi ya kwanza ikatupwa na shemeji yake Verediana, Leodgar. Bucumi akainama na sepetu, akafukia mpaka mwisho, taratibu, bila kumtazama mtu.

Nyumbani beseni la maji lilikuwa mlangoni. Wafiwa hunawa kwanza, ndipo wachimbaji. Bucumi akasimama nyuma, na wachimbaji. Verediana hakuweza kuvumilia. Akamwita ndani kana kwamba kuna mzigo wa kubeba, akamwekea maji katika bakuli la mama.

"Nawa, mdogo wangu. Humu hakuna anayetuona."

Bucumi alitazama dirisha lililofungwa. Akatazama maji. Alinyoosha mikono juu ya bakuli, udongo umekauka kati ya vidole, kisha akairudisha kifuani. Akachukua kibali chake mezani, akapita beseni, akampita Marcelina aliyekuwa akimkodolea macho masikioni, akatoka na udongo wake.