Matanga ya Kasuku

Mzushi alikufa asubuhi, nami nikapiga ukelele uliomtoa jirani yangu Hamda jikoni kwake. Akaja mbio, akanishika mkono na kunipa pole kamili, ahsan Allahu azaaki, kama ya mtu. Nilipomwonyesha tundu akaurudisha mkono wake. "Kumlilia ndege, Umm Zuhair? Astaghfirullah," akasema kwa Kiarabu, akaenda zake. Kahawa niliyopika hata hakuionja.

Mzushi alikuwa kasuku, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Nilitoka naye Bujumbura tulipohamia Omani, na tangu alipofariki dada yangu Mabruka, ndiye pekee hapa Bidiya niliyekuwa nikisema naye Kiswahili. Adabu hana, wapi! Alfajiri tu anaanza: "Asya mvivu, chai iko wapi?" Nami namjibu, tunagombana mpaka adhuhuri. Nilikuwa na raha zangu.

Mwanangu Zuhair Kiswahili hakijui. Marehemu baba yake alikataa, eti watoto watachekwa skuli. Nilibisha mpaka nikachoka.

Zuhair anaendesha gari la kupeleka watalii mchangani. Jioni ile akaniletea mmoja, mwanamke wa Kihispania, jina lake Ines. "Mama, huyu ni mshairi," akaniambia. "Anaandika juu ya wanyama waliokufa. Anasema kwao siku hizi washairi wengi wanafanya hivyo."

Makubwa haya. Kwetu mshairi akimtaja paka, ujue kuna mtu anasemwa. Lakini nilikuwa na kahawa na sina wa kumpa, nikamkaribisha.

Aliketi chini mkekani, akanywa mpaka akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Kisha akasoma shairi lake la punda wa babu yake aliyefia njiani na mzigo mgongoni. Vina halina, mizani halina. Zuhair akanitafsiria kutoka Kiingereza: watu walimfungua punda mzigo, wakambebesha nyumbu, wakaendelea na safari.

"Nani amefumbwa humo?" nikauliza.

Zuhair akamuuliza. "Anasema hakuna fumbo. Punda ni punda, na amekufa."

Hapo nikalia kweli. Siku nzima nilikuwa nimejizuia, nikiona haya kwa maneno ya Hamda, na huyu mgeni hakunikataza.

Baadaye, Zuhair alipomweleza habari za Mzushi, akaomba nimuage ndege wangu kwa Kiswahili, lugha aliyoijua ndege mwenyewe, naye ayaandike maneno yangu. Nikamfunua Mzushi kwenye kipande cha kanga nilichomzungushia.

"Mzushi," nikasema, "nani tena atanigombeza? Umeniacha na maneno yangu mdomoni. Nitakufa nayo, na mtoto niliyemzaa mwenyewe hatajua nilikuwa nasema nini."

Ines akamtazama Zuhair, akingoja tafsiri. Zuhair akanitazama mimi.

"Umesema nini, mama?" akauliza kwa Kiarabu.

Nikamwambia kwa Kiarabu kwamba alikuwa ndege mzuri. Akamfikishia mgeni hivyo hivyo, naye akaandika.